Kidole cha Kupigia A

Mtu akikwambia wifi yangu Lea hakuwa anajua kupiga chapa, ujue huyo hakuwahi kufika Korogwe. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye steshenari ya Abdulaziz pale Manundu, yeye ndani na kompyuta, mimi barazani na cherehani yangu. Watu walikuja kutoka Kwashemshi na Dindira na karatasi zao zilizokunjwa mara nne ili Lea awachapie: barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao vya harusi, malalamiko ya mipaka ya mashamba, ratiba za mazishi. Alichapa kwa vidole viwili tu, cha shahada cha kulia na cha shahada cha kushoto, shingo imeinamia kibodi kama kuku anayedonoa mtama. Lakini alidonoa kwa kasi, na hakuna mteja aliyeuliza ni vidole vingapi.

Mwaka jana mwezi wa saba Abdulaziz akatuambia kwamba mwezi wa sita mwaka huu atafunga. Watu wanaandika kwenye simu, alisema, wanatuma hukohuko, huku wanakuja kuulizia bando tu. Hakusema kwa ubaya, maana ni mtu mwenye adabu zake. Mimi cherehani naweza kuibeba nikatafuta baraza nyingine. Lea hakuwa na cha kubeba. Kompyuta ni ya Abdulaziz, meza ni ya Abdulaziz, na hata kile kiti alichokaa mpaka kikachukua umbo lake kilikuwa cha Abdulaziz.

Ndipo mteja mmoja akamwambia kuwa kuna ofisi huko Handeni imetangaza nafasi ya mpiga chapa mara mbili na haijapata mtu. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, uwe na cheti cha kupiga maneno hamsini kwa dakika bila kutazama vitufe. La pili, usiwe umetimiza miaka arobaini na mitano. Lea angetimiza arobaini na mitano tarehe ishirini Juni. Mtihani wa cheti hufanywa mara mbili kwa mwaka, Novemba na Mei. Kwa hiyo alikuwa na nafasi mbili tu maishani, na baada ya hapo mlango ungefungwa wala usingefunguliwa tena. Kaka yangu Isaka, mume wake, alisema mtu wa umri huo hafundishwi vidole. Nilimwambia anyamaze, kwa sababu yeye mwenyewe kutuma ujumbe kwa simu alifundishwa na mtoto wa darasa la tatu.

Mwalimu tuliyempata alikuwa mzee Simeo Mdoe, Mzigua mrefu aliyepiga chapa kwenye ofisi ya shamba la mkonge kwa miaka thelathini, tangu enzi za taipureta. Anafundishia sebuleni kwake. Kibodi ameifunika kwa boksi la kadibodi lililokatwa upande mmoja; unaingiza mikono humo kama unayepapasa mayai kwenye kiota, na macho yanabaki kwenye karatasi. Ukichungulia, mzee anainuka kwenda kunywa chai na somo limeishia hapo. Siku ya kwanza nilimsindikiza Lea, nikakaa pembeni nikisubiri. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, na bila maneno mengi akamwonyesha kwamba kila kidole kina nyumba yake kwenye mstari wa kati, na kinatoka kwenda kwa jirani na kurudi.

Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, nyumba yake ni herufi A. Hapo ndipo Lea aliponiangalia, na mimi nikaangalia mapazia.

Kidole hicho cha Lea kimepinda. Kiungo cha katikati kiliganda zamani, ncha imegeukia nje, hakikunjuki wala hakibonyezi. Kwa mtu wa kudonoa kwa vidole viwili haikuwa shida, hata sisi tulishakisahau. Lakini hebu chukua sentensi moja tu ya zile za mazoezi ya mzee Simeo: "Wananchi wanatakiwa kuhakikisha maji hayapotei." Maneno matano, na A ziko kumi na moja. Nilizihesabu mwenyewe. Aliyepanga vitufe hakuwa Msambaa wala Mzigua, wala hakujali kwamba lugha yetu haiwezi kwenda hatua mbili bila A. Herufi tunayoihitaji kuliko zote alikipa kidole dhaifu kuliko vyote, na kwa wifi yangu kidole hicho kilikuwa kimekufa.

Nyumbani kwetu Kerenge inajulikana jinsi kilivyovunjika, na inasimuliwa kila ndugu wakikusanyika. Lea alikuwa bi harusi wa wiki tatu. Kwetu bi harusi hupimwa kwenye kinu, tena hupimwa na mawifi. Mnatwanga kisamvu wawili kwa kupokezana: mchi wa huyu, mchi wa yule, kisha mkono wa bi harusi unaingia haraka kurudisha majani yaliyopanda ukingoni, unatoka, na michi inaanza tena. Moja, mbili, mkono. Akiweza bila kusita, mama mkwe anatikisa kichwa na kuendelea na yake. Lea, inasimuliwa, aliingiza mkono si kwa zamu, mchi ukamshukia. Mganga wa kuunga mifupa alikifunga kidole kwa vijiti, kikaunga vibaya. Tangu siku hiyo hakupewa mchi tena. Mama alimwita mzembe wa mikono, kwa utani kwanza, kisha ikawa jina lake. Mchi ulioshuka ulikuwa wangu.

Novemba alifanya mtihani akiwa na miezi mitatu ya mazoezi. Dakika kumi, kibodi imefunikwa. Alirudi na karatasi yake ameikunja mkononi, akanipa barazani. Kidole kile kilichopinda, kila alipojaribu kukilazimisha kugusa A, kiliteleza kwenye kitufe cha jirani, kile cha kugeuza herufi zote kuwa kubwa. Mstari wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ulipanda ukawa herufi kubwa tupu kama mtu anayefoka, wa tatu ukashuka, wa nne ukapanda tena, na A nyingi hazikuwepo kabisa. Maneno thelathini na moja, makosa hayakuhesabika. Nilijaribu kumtania kwamba angalau barua hiyo ingesomeka toka ng'ambo ya barabara. Hakucheka, na mimi nikajichukia.

Mzee Simeo alimwambia aendelee. Alileta kikombe cha bati na kijiko, akawa anampigia mwendo: ti, ti, ti, kila mlio herufi moja. Kasi ya chapa haitoki kwenye haraka, alisema, inatoka kwenye mwendo usiokatika. Nilikuwepo siku aliyosimamisha kijiko katikati akamgeukia Lea.

"Mama, mikono yako inamngojea nani?" aliuliza. "Kila herufi unachelewa kidogo. Kama vile unampisha mtu apite kwanza."

Lea alijibu kwamba yeye hana mwendo mikononi, ndivyo alivyozaliwa, hata kutwanga kulimshinda. Alisema kawaida tu, kama mtu anayetaja kabila lake. Mimi nilikuwa nashona kifungo cha shati, nikajichoma sindano. Nilijua mikono ile ilikuwa inamngojea nani.

Kuanzia Januari hadi Aprili niliona mtu anavyoisha. Kasi yake ilifika thelathini na nne ikagoma. Alipiga chapa mezani wakati wa kula, alipiga kwenye mapaja kanisani mpaka mama mchungaji akamuuliza kama anaumwa. Aliacha kuongea. Alikonda mpaka gauni nililomshonea Krismasi nikalibana mara mbili. Wateja wakija, alichapa kwa vidole viwili vyake vya zamani, na hata hivyo vikaanza kukosea, maana sasa havikujua vifuate utaratibu upi. Kuna mama wa Kimasai kutoka tambarare za Handeni, anaitwa Nasieku, alikuja kuchapiwa barua ya kuombea josho la ng'ombe. Lea aliirudia mara nne. Mara ya nne alilala juu ya kibodi akalia, na Nasieku wa watu akazunguka meza, akamfuta uso kwa shuka lake, asijue analilia nini.

Mwezi wa nne alikwenda hospitali bila kumwambia mtu. Alimwomba daktari amkate kidole. Kikiondoka, alifikiri, hakitakuwepo cha kuteleza kwenye kile kitufe, na cha pete kitapata nafasi ya kuhamia. Daktari alimwambia kidole kisicho na ugonjwa hakikatwi, akamshauri apumzike. Alinisimulia akicheka kicheko ambacho sikukipenda. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Ijumaa iliyofuata, mchana, Abdulaziz alikwenda msikitini kama kawaida na mlango wa steshenari ukarudishwa. Nilikuwa nimeishiwa uzi mweusi. Niliingia kuomba mkasi mdogo wa Lea nifumue uzi wa zamani, nikamkuta amesimama kwenye ile mashine ya kukatia karatasi, yenye upanga mrefu unaoshushwa kwa mkono. Mkono wa kushoto ameulaza juu ya ubao wake, vidole vinne amevikunja, cha mwisho ametoa peke yake. Chini ametandika taulo. Upanga ulikuwa juu na mkono wake wa kulia ulikuwa umeushika.

Sikupiga kelele. Hata leo nashangaa. Nilisogea polepole nikaweka mkono wangu wa kushoto juu ya ubao, sambamba na wake, chini ya upanga uleule.

"Lea, mkono wako haukukosea," nilimwambia. "Ilikuwa zamu ya mkono. Mimi ndiye niliyeshusha mchi kabla ya zamu yangu."

Hakuelewa kwanza. Nikamweleza yote, maneno yakitoka yamevurugika. Kwamba wiki zile tatu mama alikuwa akimsifu kila kukicha, Lea anachota maji mapema, Lea anapika bada la muhogo lisilo na madonge, na mimi niliyebaki nyumbani bila kuolewa nikawa kama sufuria kuukuu. Kwamba siku ile kwenye kinu nilikusudia nivuruge hesabu ili asite, aaibike mbele ya shangazi zetu. Kumuumiza sikukusudia. Lakini nilishusha mchi kwenye zamu ya mkono wake, na nilijua ni zamu yake, na alipolia nikawa wa kwanza kusema kwamba ameingiza mkono vibaya.

Lea alibaki ameshika upanga. Niliona uso wake ukipitia vitu vingi na nikatamani aushushe tu, ukate vyote viwili, tumalizane.

"Mama yako amekufa akiniita mzembe," alisema. "Wanangu wananicheka. Miaka ishirini na miwili naingia jikoni kwenu napewa kuchambua mchele kama mtoto. Na mimi nimekubali, Dorkasi. Nilidhani kweli mikono yangu haijui."

Hakuwahi kuniita jina hata siku moja. Siku zote nilikuwa wifi. Aliuinua mkono wake kutoka kwenye ubao, akakitazama kile kidole kilichopinda kana kwamba ameletewa mgeni.

"Basi hiki hakina kosa," alisema. Akakunja taulo, akaliweka kabatini, akaniomba nitoke.

Baada ya hapo hakunisemesha. Si kwamba alinuna; alinipita tu, kama unavyopita nguzo ya umeme. Asubuhi alifungua duka, akaniwekea ufunguo wa stoo mahali pake, akaingia ndani. Isaka aliniuliza nimemfanya nini mkewe, nikamwambia, na baada ya siku mbili akasema kwamba hilo ni la kwenu wawili. Sikuwa na haki ya kulia barazani mbele ya wateja, kwa hiyo nilishona.

Nilishona kifuko. Nilichukua kipande cha kitenge laini, nikakata kama chanda cha glovu, kifupi, chenye mkanda wa lastiki unaozunguka kiganja, ili kile kidole kikunjwe kwa ndani kadiri kinavyoruhusu na kishikwe hapo, kisitoke kwenda kugusa kitu. Nilishona vitatu nikavifumua, maana kimoja kilibana, kingine kililegea, cha tatu mshono ulikaa panapokwaruza. Cha nne nilikipima kwenye kidole changu mwenyewe, nimekikunja vilevile, nikazunguka nacho siku nzima nikikata vitambaa. Nikampelekea mzee Simeo, nikamwomba asiseme kimetoka wapi.

Mzee alikigeuza geuza. Kwa enzi zake, alisema, msimamizi alikuwa anaangalia kila kidole kinakwenda wapi, na yeye asingethubutu kukihamisha kidole cha pete kwenda kukaa nyumba mbili, A pamoja na S. Lakini akaniambia jambo jingine. Tangu Jumatatu, alisema, Lea hachelewi tena. Kijiko kinalia na herufi imeshapigwa. Anapiga kwa hasira, vitufe vitavunjika, ila hamngojei mtu. Jioni ileile aliandika barua kwenda kwenye chuo kinachosimamia mtihani kueleza habari za kile kidole, na chuo kikajibu kwamba sharti lao ni kutotazama vitufe; kidole gani kinapiga nini hawana shughuli nacho.

Siku ya mtihani nilikwenda. Hakunialika, lakini njia ni ya wote. Nilisimama nje chini ya dirisha la chumba cha mtihani, na msimamizi aliposema waanze, zilisikika kibodi kumi na mbili kwa pamoja, kama mvua kwenye bati. Nilifumba macho nikijaribu kuisikia ya Lea. Dakika mbili za kwanza sikuweza. Halafu nikaisikia, au nilijidanganya: moja iliyokuwa haikatiki, haisiti, inayokwenda bila kumpisha mtu. Niliihesabu moyoni: moja, mbili, mkono. Ilipofika kwenye zamu ya mkono, pale ambapo miaka yote angesita, ilipita. Nilikaa chini kwenye majani.

Matokeo yalibandikwa wiki iliyofuata. Maneno hamsini na mbili kwa dakika, makosa mawili. Barua ya kuitwa kazini ilitoka Handeni tarehe kumi na saba Juni, siku tatu kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Lea alifunga mizigo yake, akamuaga Abdulaziz, akamuaga mama ntilie wa jirani, akaniaga kwa kuinua mkono kutoka mbali. Mkono wa kushoto, wenye kifuko.

Mwezi wa sita ukaisha, steshenari ikafungwa. Nilihamia baraza ya duka la mbegu. Isaka alikuwa akienda Handeni kila mwisho wa wiki na kurudi na salamu za kila mtu isipokuwa zangu. Sikuuliza. Nilijua deni langu si la kulipwa kwa kipande cha kitenge.

Agosti, Isaka aliniletea bahasha ya kaki. Juu yake jina langu limechapwa lote, pamoja na jina la baba na sanduku la posta. Nilimaliza kwanza kupinda sketi ya shule niliyokuwa nayo mkononi, kwa sababu niliogopa. Kisha nikafungua.

Kumb. Na. L/KSV/1
YAH: KUITWA KUTWANGA KISAMVU
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Unatakiwa kufika nyumbani kwangu Chanika, Handeni, Jumamosi saa nne asubuhi bila kukosa. Uje na mchi wako. Kinu kipo. Mkono wa kurudisha majani utakuwa wako. Kuhesabu nitahesabu mimi.
Wako katika ujenzi wa taifa,
Lea, wifi yako.

Niliisoma mara tatu, na mara ya nne nikapitisha kidole kwenye kila mstari nikizitafuta A. Zote zilikuwepo. Nikaweka barua kwenye droo ya cherehani, nikaunyoosha mkono wangu wa kushoto mbele yangu, nikakikunja kidole cha mwisho, nikakikunjua. Kilikuwa kizima, hakijawahi kupata hata mchubuko. Jumamosi nilipanda basi la kwanza, mchi nimeupakata mapajani.